Mtoto Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Walimu wachanga wa nasari yetu walikuja kunisalimu baada ya mimi kustaafu. Walinikuta nachambua mboga, wakaniambia, "Magokoro, tuandikie mambo ya kazi kabla hujayasahau." Magokoro ni nyanya, yaani bibi, kwa Kikisii, na huku kwetu mlimani Manga hata wazee wenzangu wananiita hivyo. Niliwaambia nimeishia darasa la nne. Wakasema haidhuru. Basi atakayeona kosa la herufi alirekebishe kimya kimya, asiniletee nyumbani.

Habari za vyeo hamtaziona hapa. Niliingia mwalimu wa watoto wadogo, nikatoka mwalimu wa watoto wadogo. Tena hata kuingia sikuingia kama mwalimu. Niliingia kupika uji.

Ilikuwa muda mfupi baada ya uhuru. Kanisa lilijenga chumba cha udongo, wazazi wakaleta mbao za kukalia, na mwalimu akawa Mama Atieno, mama wa kutoka upande wa ziwani ambaye mumewe alikuwa karani huku kwetu. Kikisii chake kilikuwa cha kununulia nyanya sokoni na kurudi nyumbani. Watoto nao Kiswahili hawakujua. Siku yangu ya kwanza nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikamwona akimwonyesha mtoto kikombe na kumwuliza, "Hiki nini?" Kisha akanyamaza. Mtoto naye kimya. Mama Atieno akaendelea kumtazama kwa uso mwema, kana kwamba siku nzima haina kazi nyingine.

Nikamwambia, "Mwalimu, hawa hawakuelewi."

"Wataelewa. Wewe ongeza kuni, uji unakufa."

Uji haukuwa unakufa. Alitaka nisimharibie kungoja kwake. Baadaye nilijua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kuuliza na kungoja, na ni ngumu kuliko kulima. Watu wazima wengi hawawezi kungoja hata muda wa kumeza mate.

Baada ya miezi kadhaa aliniita kutoka jikoni. "Mama, weka huo mwiko chini, njoo ukae na hawa wa huku nyuma. Mimi wananishinda wingi." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Cheti hakuna aliyeniuliza, na ningekuwa nacho kingeishia kuwashia moto.

Jambo la pili alilonifundisha ni masikio. Alikuwa akisema mtoto asiyesema, kabla hujamwita mjinga au mkaidi, ujue kwanza kama anasikia. Alisimama nyuma ya mtoto na kuachia kifuniko cha sufuria kianguke. Akishtuka, basi husikia kishindo. Halafu alifikicha maganda makavu ya mahindi polepole nyuma ya kila sikio, maana wako wanaosikia kishindo na wasisikie sauti ndogo. Kwa njia hiyo tulimpata Ombati, mtoto ambaye sikio lake lilikuwa likitoa usaha na kwao wakadhani ni nta. Zahanati walimtibu, akaanza kusema, akasema na kusema mpaka mimi na Mama Atieno tukatazamana. Lakini tulifurahi.

Mume wa Mama Atieno alihamishwa, wakaondoka, nikabaki na darasa lote. Nilikuwa mkali. Darasa langu lilisifika kwa utulivu, wageni wa kanisa wakipita wanasema watoto wa yule mama hawana kelele. Na mimi nilipenda kusikia hivyo. Kisha katika miaka ya sabini akaja mtoto ambaye kimya chake kilinifundisha kazi upya, na hakutoka mbali. Alikuwa mjukuu wangu Moraa, binti wa mwanangu Nyamweya.

Lazima nieleze kidogo kwa nyinyi mnaoijua Nakuru kuliko nyumbani. Sisi tuna chinsoni, yaani heshima ya haya baina ya mzazi na mtoto. Mtoto wetu hamkazii macho baba yake, hapigi gumzo mbele yake, akiulizwa anainamisha kichwa. Na kuna omoreri, msichana mdogo anayembeba mtoto mgongoni mama akiwa shambani. Omoreri wa Moraa alikuwa dada yake Kwamboka, msichana mwenye mdomo wa haraka kama cherehani. Kerubo, mama yao, alipojifungua tena, hao wawili walihamia kulala kwangu, kama ilivyo kawaida.

Moraa alikuwa haongei. Alikuwa na "mm" ya ndiyo na "mm" ya hapana, na kidole cha kuonyeshea. Sasa sikilizeni ujinga wetu. Kila mgeni aliyekuja alimsifu. "Huyu amelelewa! Tazama anavyoinama, hana neno." Tukashukuru. Mtoto alikaribia miaka minne akisifiwa kwa kitu kile kile kilichokuwa taabu yake. Kama angekuwa anachechemea tungeona. Kimya tulikiona ni adabu.

Wa kwanza kusema waziwazi alikuwa mama yake Kerubo, mkwe wangu wa Tabaka. Alikuja na Kerubo mwenyewe, akaketi jikoni kwangu, akatazama moto.

"Mama Nyamweya, nisamehe kwa nitakalosema."

"Sema, Mama Kerubo. Hapa ni kwako."

"Huyu mtoto ulimi wake umefungwa. Kule kwetu kuna mama mwenye mkono mwepesi. Anakata kidogo tu pale chini. Damu yake haizidi ya mtu aliyejikwaa."

"Umeona kilichofunga?"

"Sijaona. Lakini mtoto mkubwa hivi anayesema 'mm' kama ndama, ni nini kingine?"

Kerubo alikuwa akimnyonyesha mdogo, akanitazama kwa woga. Nilijua neno langu ndilo litakalochukuliwa. Nikasema, "Mama Kerubo, umesema kwa kumpenda. Acha kwanza nimpeleke zahanati. Kama kuna cha kukatwa, wakate wao wenye dawa."

Hakukasirika. Yaani alikunywa chai yake ikaisha, na kikombe cha pili akakataa, na kwa yule mama huko ndiko kukasirika. Lakini safari iliyofuata alikuja na kikapu cha wanyama wa mawe waliovunjika. Mumewe alikuwa mchongaji, na mawe ya Tabaka ni laini, yakiteleza kwenye kisu ndovu anakosa mkonga na kiboko anakosa sikio. "Wape watoto wako wachezee," alisema. Sijawahi kuwa na vifaa vya kufundishia vizuri kuliko hivyo.

Zahanati muuguzi alimwangalia Moraa mdomoni, akamwangalia masikio, akamchekesha. "Ulimi mzima. Masikio mazima. Kuna watoto wanaochelewa kusema, huyu ni mmoja wao, na anahitaji msaada. Mnazungumza naye?"

"Nazungumza naye sana."

"Mnamwambia nini?"

Nikamwambia. Lete. Weka. Kaa. Nyamaza. Oga.

"Mama," alisema, "hizo ni amri. Mtoto atajibu nini hapo?"

Nilishuka na kupanda vilima vyote vya kurudi nyumbani nikiwa nimekasirika, Moraa mgongoni. Nilikasirika kwa sababu ni kweli. Darasani nilikuwa nangoja kama nilivyofundishwa. Nyumbani nilikuwa naamrisha, na nilidhani kazi ya mwalimu inabaki shuleni kama ubao.

Nikaanza kutazama, na nilichokiona kwanza ni Kwamboka. Moraa alikuwa akifungua mdomo, dada keshasema. "Anataka maji." "Anasema hataki." "Anasema mguu unauma." Na alikuwa hakosei! Mtoto mwenye mtu wa namna hiyo, aseme ili iweje? Mnaweza kufikiri dawa ni kuwatenganisha. Nilijaribu kwa muda mfupi, nikamtuma Kwamboka kwa mama yake. Moraa aliacha hata ile "mm", akakaa karibu na mlango akitazama njia. Nikamrudisha dada yake upesi. Msimwondolee mtoto anayemwelewa.

Badala yake nilimpa Kwamboka muwa. Nikamwambia, "Kazi yako wewe ni kutafuna. Nikimwuliza Moraa kitu, tafuna."

Maneno yao nayaandika kwa Kiswahili mpate kufuata, ingawa nyumbani tulisema Kikisii. Niliweka uji upande mmoja na ndizi ya kuchemsha upande wa pili.

"Moraa, uji au ndizi?"

Kwamboka akafunua mdomo. "Anata—"

"Tafuna."

Moraa akamtazama dada yake. Dada yake akatafuna huku macho yamemtoka kama aliyekabwa. Moraa akanyoosha kidole. Nikajifanya sioni vizuri. Si kwa kumtesa, angelia ningempa, maana mtoto asinyimwe chakula kwa ajili ya neno. Uji ukaanza kufanya ngozi juu. Nami nikakaa na uso wa Mama Atieno, ule wa siku isiyo na kazi nyingine.

"Di," akasema Moraa.

"Ndizi! Haya, ndizi yako hii."

Angalieni sikumwambia "sema vizuri". Nililirudisha neno likiwa zima, nikampa ndizi. Kwamboka alitema makapi, akapiga kelele, "Magokoro, amesema! Mimi sikusema kitu!" Tangu siku hiyo alikuwa mwalimu msaidizi, ingawa muwa alizidi kuudai hata mahali usipohitajika.

Kikapu cha Tabaka kikafanya kazi yake. Nilificha wanyama mgongoni, nikatoa wawili. Ndovu au kiboko? Anayetajwa anapewa. Watoto wote wa nasari walicheza, si Moraa peke yake, ili asione ametengwa. Darasa likapata kelele. Wageni wa kanisa hawakulisifu tena, na mimi nikajizoeza.

Lakini maneno mawili pamoja hayakutoka kwa ndovu. Yalitoka kwa ugomvi. Nyinyi mnajua nyanya na mjukuu kwetu hawana ile haya ya baba na mtoto, wanataniana bila mpaka. Mimi humwita mjukuu wangu wa kike mke mwenzangu, na tunamgombania babu yake. Kwa Moraa nilikuwa nimeacha utani, nikimwonea huruma. Huruma nayo inaweza kumnyima mtoto haki yake. Basi siku moja alikuwa amekalia kigoda cha babu yake, nikaanza.

"Ondoka hapo, mke mwenzangu. Huyo mume ni wangu."

Akatikisa kichwa.

"Wewe hata maji huchoti. Mvivu wewe! Atakurudisha kwenu."

Midomo ikamcheza. Mzee wangu alikuwa mlangoni, akataka kumsaidia, nikampa jicho akatulia. Moraa akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Wewe vivu! Babu angu!"

Mzee alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilikunja uso kama nimetukanwa kweli, maana ugomvi ukifa mapema mtoto hana cha kujibu. Tuligombana kila siku baada ya hapo. Nimetukanwa na mtoto yule kuliko na mtu yeyote hapa duniani, na kila tusi nililipokea kama zawadi.

Sasa ndipo ilipokuja shida yenyewe. Nyamweya alikuwa akifanya kazi kiwanda cha majani chai upande wa Nyamira, akirudi Ijumaa kabla ya Sabato kuingia. Akifika, Moraa aliinamisha kichwa na kufunga mdomo. Moraa sasa alikuwa anakaribia miaka sita, na Januari ya kuanza darasa la kwanza ilikuwa inakaribia. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliniambia bila kuficha: darasa lilikuwa limejaa na mwalimu ni mmoja, mtoto asiyeweza kuitika jina lake hawezi kumchukua. Na anayempeleka mtoto kuandikishwa ni baba. Nyamweya akikataa, mimi ningesema nini?

Naye alikataa.

"Mama, huyu atabaki nyumbani. Atamsaidia mama yake."

"Anasema, Nyamweya. Kila siku anasema."

"Mimi sijamsikia hata mara moja." Akamwita. "Moraa! Sema maziwa." Moraa akatazama vidole vya miguu yake. "Umeona?"

"Mbele yako hatasema. Unajua hivyo."

"Mama, shuleni kwetu alikuwako mtoto wa namna hii. Nakumbuka alivyofanywa wakati wa mapumziko. Yeye alilia bila sauti, wale wakacheka zaidi." Alisema hayo polepole, akiwa amenipa mgongo. "Wangu hatafanywa hivyo."

Sikuweza kumkasirikia. Wengine huwafungia watoto kama hawa kwa aibu, yeye alitaka kumfungia kwa kumpenda, lakini mlango ni ule ule. Nikamwuliza, "Wewe ulianza lini kuzungumza mbele ya baba yako?"

Akafikiri. "Nilipooa."

"Basi unataka nimwoze kwanza ndipo umsikie?"

Alicheka bila kupenda. Nikamwambia Jumapili asubuhi, kabla hajarudi kazini, aje kwenye migomba iliyo nyuma ya jiko langu, asimame karibu na ukuta, asikohoe.

"Mama, nijifiche nyumbani kwetu kama mwizi wa kuku?"

"Jifiche."

Jumapili nilimweka Moraa karibu na ukuta huo akimenya ndizi pamoja na Kwamboka. Nikaanza ugomvi wetu. Leo mke mwenzangu anamenya vibaya. Leo mume anakula kwangu. Moraa akajibu, "Hapana, kwangu! Wewe chakula baya! Babu taki!" Kwamboka akacheka, akaongezea lake, na Moraa akamgeukia naye pia, "Wewe nyamaza, nasema mimi." Hilo hata mimi nilikuwa sijalisikia. Maneno yake yalikuwa yamekatika pembe kama wale wanyama wa Tabaka, lakini kila moja lilisimama.

Nilipotoka nje nilimkuta Nyamweya anavuta majani makavu ya mgomba ambayo hata hayakuwa mengi. Aliendelea kuvuta.

"Umesikia?"

"Sauti yake," akasema, "ni kama ya Kerubo."

Akaenda kazini. Nami sikumwuliza kama amebadili nia, kwa sababu kungoja nako nilikuwa nimefundishwa.

Siku ya kuandikisha alikuja amevaa koti lake la kanisani, akasema twende. Tulikwenda yeye, mimi, Moraa, na Kwamboka aliyekuwa tayari anasoma hapo. Mwalimu mkuu alimwambia Moraa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la pili, kipimo cha umri cha siku hizo, akashika. Akachukua penseli. Hapo Nyamweya akasema, "Mwalimu, mimi nitasimama kule kwenye ua. Nikiwa hapa hatasema." Mwalimu alikuwa Mkisii mwenzetu, hakuhitaji maelezo. Akaitikia kwa kichwa. Nyamweya akaenda kwenye ua wa mkonge, akasimama ametupa mgongo.

"Unaitwa nani, mama?"

Kwamboka alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili bila kuambiwa. Mimi nilikuwa naomba jambo moja tu, mwalimu asirudie swali, maana mtoto huyu ukimrudia anaanza tena kutoka chini. Kwa bahati penseli ilikuwa butu. Mwalimu akatoa wembe, akaanza kuichonga, taratibu, akipuliza vumbi. Alikuwa akingoja bila kujua anangoja.

"Moaa."

Mwalimu akainua macho. "Moraa. Moraa nani?"

"Moaa Nyameya."

Akaandika. Hakusahihisha, hakusifu, aliandika tu, na akamwita mtoto anayefuata. Nilimpenda sana kwa hilo.

Herufi zingine Moraa hakuzipata kwa muda mrefu, na shuleni alichekwa, sitawadanganya. Lakini alikuwa na kitu cha kuwajibu, na Kwamboka hakuwa mbali.

Njiani kurudi Nyamweya alitangulia, sisi wanawake nyuma. Moraa alikuwa ameshika mkono wa dada yake. Tulipofika kwenye mteremko akaanza kumweleza habari za mwalimu mkuu, neno moja, pumzi, neno lingine, kwamba kichwa chake hakina nywele na penseli yake inakatwa kama muhogo. Nilimwona Nyamweya akipunguza mwendo. Alipunguza tena, mpaka tukakaribia kumkanyaga visigino. Hakugeuka. Alijua akigeuka mtoto atanyamaza. Basi akatembea hivyo hivyo mbele yetu, polepole kama mgonjwa, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja. Na njia ambayo siku zote yeye huikata upesi, siku hiyo ilitufikisha nyumbani chakula kimepoa.